SOMO: Dar hadi Mbeya na watoto kwa gari binafsi – pa kula, pa kulala, pa kubadili ratiba

Kila likizo ikikaribia naulizwa jambo lile lile: "Mkuu, tutafika siku moja?" Naliandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Ni takriban kilomita 830. Ukiwa na watoto na dereva ni mmoja, gawa siku mbili, mlale Iringa.

1. Gari likaguliwe wiki moja kabla. Breki, matairi, rejeta, jeki, tairi ya akiba, mtungi wa kuzimia moto.

2. Tokeni saa kumi alfajiri, kabla ya foleni ya Kimara na Kibaha.

3. Chai ni Morogoro. Supu na chapati za moto, kila mtu aende chooni.

4. Mikumi barabara inakatiza hifadhi kwa kama kilomita 50. Fuata vibao vya mwendo, usishushe mtu, usitupe hata ganda la ndizi. Ukigonga mnyama, faini inategemea ni mnyama gani. Pundamilia, swala na nyani watoto huwaona wakiwa garini.

5. Mikumi mjini ndipo pa kuamua. Hatua hii isome mara mbili. Mbele yako kuna Kitonga: kona kali, ukuta wa mlima upande huu, bonde upande ule. Lori moja likifeli pale, foleni inaweza kula nusu siku, na ukishaingia huna pa kugeuzia, huna choo, huna chakula cha watoto. Kwa hiyo simama Mikumi uwaulize madereva wa malori wanaotoka Iringa, "Kitonga vipi?" Ukiona magari ya kutoka juu hayaji kabisa, mlima umefunga. Lala Mikumi, au sogea hadi Ruaha Mbuyuni usubiri penye chakula. Hata mlima ukiwa wazi, kama saa tisa alasiri bado uko Mikumi, lala hapo hapo. Giza litakukuta konani. Ndiyo maana nasisitiza usilipie chumba cha Iringa mapema.

ONYO: Foleni ikiwepo, USITANUE, yaani usitoke kwenye mstari kupita wenzako. Anayetanua ndiye anayeziba njia ya gari la kuvuta. Panda kwa gia ndogo, zima kiyoyozi, angalia mshale wa joto. Ikichemka, usifungue rejeta hadi ipoe. Wakati wa kurudi, shuka kwa gia ndogo vilevile. Ukikanyaga breki mfululizo zitapata moto na kukataa.

6. Chakula cha mchana kiliwe Ruaha Mbuyuni, kabla ya kupanda. Vitunguu vya pale na nyanya za Ilula mtanunua mkirudi.

7. Iringa mjini unaacha barabara kuu pale Ipogolo, unapanda. Juni ni baridi, masweta yawe karibu. Tafuteni ugali na kuku wa kienyeji. Asubuhi piteni Isimila, kama kilomita 20 mbele. Zile nguzo za udongo na zana za mawe za kale zinastahili saa nzima.

8. Mafinga, Makambako, Chimala, Uyole. Vijijini mwisho 50, tochi za polisi za kupima mwendo zipo.

MASWALI

Baba Careen: Mkuu, kwa hiyo siku moja haiwezekani?
– Aya ya pili.

Kipanga: Unatisha watu. Mimi nimekwenda mara nyingi kwa siku moja, sijawahi kukwama.
– Ulikuwa na watoto wangapi nyuma? Somo ni la mwenye watoto.

Mwanaidi: Shikamoo kaka. Je, Kitonga ikifunga siwezi kuzungukia Dodoma?
– Marahaba dada, swali zuri sana. Inawezekana, ila uamuzi huo ufanywe Morogoro. Ukishafika Mikumi umechelewa. Ni lami yote: Dodoma, Mtera, Iringa. Inaongezeka kama kilomita 200, kwa hiyo laleni Dodoma. Kesho yake mtapita juu ya bwawa la Mtera. Kuleni samaki pale, wa kukaangwa. Mbele kuna mlima wa Nyang'oro, nao una kona, lakini malori ni machache kuliko Kitonga.

Mwanaidi: Ahsante. Na mtoto anayetapika?
– Mchana asile chipsi. Mpe wali kidogo au ndizi. Akae dirishani, simu umnyang'anye, atazame mbele.

Mama Junia: Tangawizi ya kutafuna pia inasaidia. Mimi nauliza vitunguu, kila nikinunua Ruaha vinaoza kabla ya mwezi.
– Minya shingo ya kitunguu. Ikiwa laini, hakijakauka, kiache. Chukua vyenye shingo iliyosinyaa, uvisafirishe kwenye neti, si mfuko wa nailoni.

Mama Junia: Na nyanya?
– Zilizoanza tu kugeuka rangi. Na ziwe juu ya mizigo.