Kuondoa Madoa Kwenye Viti vya Gari vya Kitambaa Bila Kuacha Alama za Maji

Doa dogo la chai kwenye kiti cha gari huweza kuondoka vizuri kabisa, lakini kesho yake mwenye gari akakuta mahali pake duara pana la rangi ya kahawia lenye ukingo unaoonekana kuliko hata doa lenyewe. Wengi hudhani sabuni ndiyo mbaya, wakanunua nyingine yenye nguvu zaidi, na duara likazidi kupanuka. Chanzo chake ni maji. Kitambaa cha kiti si kama shati linalosuuzwa kwenye beseni na kuanikwa. Chini yake kuna sponji nene ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikinyonya vumbi, jasho na mabaki ya sabuni. Maji yakimwagwa sehemu moja huyeyusha uchafu huo na kusambaa nao hadi pale yanapoishia, na kwa kuwa ukingo ndio unaotangulia kukauka, unyevu wa katikati huendelea kuvutwa kuuelekea. Maji hupotea hewani, uchafu hubaki umejipanga mstari.

Ukilielewa hilo, kazi yote inakuwa na shabaha tatu: kutumia maji machache, kulowanisha kipande kizima cha kitambaa kutoka mshono hadi mshono ili unyevu usiishie katikati ya kiti, na kukausha upesi. Mshono huficha ukingo wa unyevu, na hilo ndilo jambo ninalowasihi watu walishike hata wakisahau mengine yote.

Kwa sisi wa Kigoma kuna jambo la ziada, nalo ni aina ya maji tunayoyatumia. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi yaliyoyeyuka, hasa magnesiamu, na pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, hukaribia 9, upande wa alkali. Yakikauka juu ya kitambaa cheusi au cha bluu huacha utando wa kijivu au mweupe hata kama hayakuwa na chembe ya uchafu. Kwa hiyo, hata ukianza kazi kwa maji ya bomba, jitahidi umalizie kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi. Usiyakinge mwanzoni mwa mvua, kwa maana bati la paa huwa bado halijaoshwa vumbi. Lita mbili au tatu zinatosha viti vyote vya gari dogo, na dumu moja lililowekwa akiba mwezi wa nne huweza kukufikisha mbali katika kiangazi.

Anza kiti kikiwa kikavu kabisa. Vumbi letu jekundu, hasa kwa magari yanayotumia barabara zisizo na lami, likikutana na maji hugeuka tope ndani ya nyuzi, na tope hilo ni gumu kuliondoa kuliko doa ulilokusudia kuliondoa. Pitisha mashine ya kufyonza vumbi taratibu, ukizingatia mishono na mfereji ulio kati ya kalio na egemeo la kiti. Kama huna mashine, piga kiti kwa kiganja huku milango yote ikiwa wazi, kisha piga mswaki wa nguo kwa kufuata upande mmoja. Tope bichi usiliguse. Liache likauke, livunjevunje kwa vidole, ndipo ulifyonze au ulipige mswaki.

Kisha tayarisha maji ya kusafishia kwa kuchanganya lita moja ya maji vuguvugu na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na rangi kali. Si zaidi ya hapo, kwa sababu sabuni inayobaki kwenye kitambaa hunata na kukusanya vumbi jipya. Mimina kwenye chupa ya kupulizia, andaa mswaki laini na taulo kadhaa nyeupe za pamba. Nasema nyeupe kwa sababu taulo ya rangi huweza kuchuja, na pia kwa sababu nyeupe itakuonyesha wazi uchafu unaotoka. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya kiti karibu na sakafu, usubiri pakauke uone kama rangi ya kitambaa imebaki vilevile. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, ile tunayoiita jiki, isikaribie viti: hufifisha rangi, na ikichanganyika na siki hutoa gesi yenye sumu.

Doa lenyewe hutangulia kushughulikiwa, na kila doa lina tabia yake. Doa la mawese ndilo linalowasumbua watu wengi hapa, kwa sababu madumu hubebwa kwenye viti vya nyuma na kifuniko kisichokaza vizuri hakionekani mpaka gari lifike. Maji peke yake hayaondoi mafuta. Yanayasukuma tu yazame kwenye sponji. Kwangua mafuta yaliyo juu kwa ukingo wa kijiko, kisha nyunyiza unga mwingi mkavu wa muhogo au wanga, uukandamize kidogo kwa kiganja na kuuacha kwa saa kadhaa. Utaona unga ukigeuka wa rangi ya chungwa na kuganda vibonge vidogo. Hayo ni mafuta yaliyopanda juu. Uondoe, nyunyiza mwingine, urudie hadi unga ubaki mweupe. Hapo ndipo upake tone la sabuni ya vyombo isiyochanganywa na maji, uisugue kwa ncha ya kidole ukitoka nje ya doa kuelekea katikati, na kuifuta kwa taulo yenye unyevu. Rangi ya machungwa inayosalia isikukatishe tamaa, kwani karotini ya mawese hufifia inapopigwa na mwanga wa jua. Hivyo siku chache za kuegesha gari mahali ambapo jua hupenya hadi kwenye kiti humalizia kilichobaki.

Maji ya dagaa au samaki wabichi, maziwa na damu huhitaji maji ya baridi tu, maana maji ya moto hugandisha protini ndani ya nyuzi, na harufu yake hubaki kwa miezi. Madoa ya chai, kahawa na maembe hulegea kwa siki nyeupe, sehemu moja kwa sehemu nne za maji. Wino wa kalamu huguswa kwa pamba yenye spiriti kidogo, ukibadilisha pamba kila mara. Ubani wa kutafuna huwekewa barafu ndani ya mfuko wa plastiki hadi uwe mgumu, ndipo ubanduliwe.

Doa likishatoka, usiishie hapo. Pulizia maji yako ya sabuni juu ya kipande kizima, kutoka mshono hadi mshono, kwa unyevu mwepesi ambao ukigusa unausikia lakini haudondoki. Piga mswaki taratibu kwa mizunguko midogo, halafu futa kwa taulo iliyochovywa kwenye maji ya mvua na kukamuliwa sana, ukiisuuza mara kwa mara mpaka isitoe povu. Kijiko kimoja cha chakula cha siki katika lita moja ya maji hayo husaidia kuyeyusha mabaki ya madini, na harufu yake huisha kiti kikikauka. Sasa kunja taulo kavu mara nne, iweke juu ya kitambaa, uegemeze uzito wa mwili kwa viganja vyote viwili na kuhesabu hadi kumi. Igeuze, hamia pembeni, rudia. Unapoiinua ikawa haina alama ya unyevu, umemaliza.

Kausha kivulini penye upepo, milango ikiwa wazi, na kama kuna feni ielekeze kwenye kiti chenyewe. Kuanzia Juni hadi Septemba hewa kavu hufanya kazi hiyo kwa saa chache. Wakati wa masika chagua asubuhi yenye anga safi, kwani sponji ikibaki na unyevu kwa siku mbili huanza kuota koga. Kwa sababu hiyo hiyo kataa kabisa viti kupigwa mashine ya presha na waosha magari: maji hufika chini kabisa ya sponji, na chini ya viti vya magari mengi hupita nyaya za mkanda na za mifuko ya hewa.

Kwa duara la zamani lililokwisha kukauka, njia ni ile ile bila sabuni: pulizia maji ya mvua kipande chote, ongeza kidogo juu ya ukingo wa duara, piga mswaki kutoka ukingoni kuelekea katikati, kisha kandamiza kwa taulo kavu. Likionekana tena likiwa limefifia, subiri kiti kikauke kabisa kabla ya kurudia.