Foklifti: namna ya kuizuia isipinduke, na la kufanya ikianza kulala

Foklifti (gari la kuinulia na kubebea mizigo) ikipinduka, mara nyingi anayeuawa ni dereva aliyeruka nje. Hana muda wa kufika mbali. Nguzo au paa la mashine humwangukia palepale. Ndiyo maana mkanda hufungwa hata kwa safari ya mita tano.

Soma kwanza bamba la uwezo, yaani kibao kwenye mashine kinachoonyesha uzito inaoweza kubeba. Likiandika kilo 2,000 kwa milimita 500, uzito huo unaruhusiwa ikiwa kitovu cha mzigo kiko milimita 500 kutoka kwenye mgongo wa meno (sehemu iliyosimama wima ya vyuma viwili vinavyobeba mzigo), yaani mzigo uliolingana wa urefu wa mita 1 juu ya meno. Mzigo wa mita 1.6 kitovu chake kiko milimita 800, na foklifti ileile yaweza kubakiwa na uwezo wa kilo 1,500 hivi. Kibano cha kushikia mzigo au kifaa kingine kikifungwa kwenye mashine, uwezo hupungua zaidi, hivyo dai bamba jipya la mtengenezaji. Bamba likifutika, mashine isitumike. Kagua pia meno: yakilika 10% ya unene pale yanapojikunja, yabadilishwe.

Kabla ya kuondoka, mzigo uguse mgongo wa meno, inamisha nyuma mlingoti (nguzo ya mbele inayopandisha meno), kisha shusha hadi sentimita 10 au 15 kutoka sakafuni. Kona ya kasi huku meno yakiwa juu ni hatari kubwa, na foklifti tupu hulala ubavu upesi kuliko wengi wanavyodhani. Kwa kuwa inakata kona kwa magurudumu ya nyuma, mkia hufagia upande wa pili na kuwaponda wapita njia, kwa hiyo waelekeze njia yao mbali na kona hizo.

Kwenye mteremko, mzigo ukae upande wa juu: panda kwa mbele, shuka kinyumenyume. Bila mzigo, meno yatazame chini. Usigeuze hapo kamwe.

Ikianza kulala, baki kitini, kamata usukani, kaza miguu sakafuni, egemea mbele na upande usioangukia. Mashine zinazoendeshwa dereva akiwa amesimama, zenye mlango wa nyuma, ni tofauti: dereva hutoka kwa kurudi nyuma, mbali na mashine.

Mtu akibanwa, zima injini na uite waokoaji. Usiinue mashine kwa foklifti nyingine iliyo karibu, maana ikiteleza itamponda mara ya pili. Damu ikimtoka, bana jeraha kwa nguvu kama unalifikia bila kuingia chini ya mashine.