Somo: Kuufuatilia ukoo wa Fitzgerald, kutoka Windsor hadi Boston

Aliyekulia kwenye majina kama Salim bin Said atalielewa somo hili haraka, kwa sababu Fitz ni bin. Wanormani, watu wa Normandy, Ufaransa, walioiteka Uingereza 1066, walilitoa kwenye neno la Kilatini filius, yaani mwana, ambalo vinywani mwao likawa fiz, na z yake ikitamkwa ts.

Hatua ya 1. Pasua jina. Fitz, Gerald. Kwa hiyo unamtafuta mtu aliyeitwa Gerald.

Hatua ya 2. Mtafute Gerald huyo. Ni Gerald wa Windsor, msimamizi wa ngome ya Pembroke, Wales. Baba yake, Walter FitzOther, yaani Walter bin Other, yumo kwenye Domesday Book, daftari la ardhi ya Uingereza la 1086. Babu ni FitzOther, mjukuu ni FitzGerald: jina lilibadilika kila kizazi, sawa na bin. Hapa ndipo watafutaji wengi hupotea, basi tusimame kidogo. Gerald alimwoa Nest, binti wa mfalme Rhys ap Tewdwr. Nest akamzaa Maurice FitzGerald, na kwa mwanamume mwingine akamzaa Robert FitzStephen. Ndugu wa tumbo moja, lakini anayefuata jina la pili peke yake atawaandika kama watu baki. Kwa karne ya 12, andika kwanza mama na mahali.

Hatua ya 3. Vuka nao bahari. Mwaka 1169 ndugu hao wawili walikwenda Ireland kumsaidia Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster aliyekuwa amepinduliwa. Wazao wa Maurice wakapata uearl, cheo cha juu cha kikabaila, wa Kildare 1316 na wa Desmond 1329, na jina likaganda likawa la ukoo. Walizoea huko, wakasema Kiairishi, wakaitwa Mac Gearailt. Mac nayo ni mwana! Tafuta majina yote mawili kwenye hati. Tawi la Kildare lilinusurika kwa uzi mmoja: mwaka 1537 earl kijana, Thomas, aliuawa London pamoja na ami zake watano. Ndugu yake mdogo, Gerald, alitoroshwa hadi Italia, na 1554 akarudishiwa cheo.

Hatua ya 4. Fuata wahamiaji. Njaa iliyoanza 1845 iliwapeleka wengi Boston. Huko John F. Fitzgerald akawa meya, na mjukuu wake kwa binti ni Rais John Fitzgerald Kennedy. Upande wa Ireland, moto wa 1922 uliteketeza hati nyingi mno Dublin, lakini sensa za 1901 na 1911 zipo na zinasomeka bure mtandaoni.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Ni kweli Fitz maana yake mtoto wa nje ya ndoa?
Marahaba. Hapana, Maurice alizaliwa ndani ya ndoa. Dhana hiyo imetokana na Fitzroy, bin mfalme, jina ambalo Henry VIII alimpa mwanawe wa nje aliyezaliwa 1519.

Mwalimu, na Fitzpatrick ni Wanormani pia?
La, ndugu yangu. Hao ni Waairishi wa asili, Mac Giolla Phádraig, mwana wa mtumishi wa Patrick. Walitawala Osraige, ufalme wa Ireland, kabla Mnormani yeyote hajakanyaga Ireland, na Fitz waliivaa baadaye.