Bolti isiyofikika: namna ya kupata spana inayoifaa kabla hujaiharibu

Kama unajitengenezea gari mwenyewe utakuja kukutana nayo tu hiyo bolti. Zingine zote zimetoka vizuri, imebaki moja, iko nyuma kabisa ya injini, huioni, mkono unaingia mpaka kiwiko afu ukishaigusa kwa ncha za vidole spana haina pa kuzungukia. Mimi ilikuwa bolti ya juu ya stata (mota inayowasha injini), kwenye gari ambayo injini imekaa kwa upana, nikahangaika nayo mchana kutwa na spana ya mdomo wazi mpaka kona za kichwa zikaanza kulika. Kumbe vifaa vya kuitoa nilikuwa navyo kwenye boksi, nilikuwa sijajua tu namna ya kuviunganisha.

Kwa hiyo kwanza weka spana chini. Ijue bolti yenyewe. Chukua simu, washa tochi yake, ipenyeze pale kwenye upenyo urekodi video, afu itazame taratibu nje kwenye mwanga, utaona kichwa kina umbo gani, kuna bomba gani karibu, na njia iliyonyooka kuifikia inatokea wapi (mara nyingi inatokea upande ambao hukuufikiria, chini ya gari au kwenye uwazi wa tairi). Simu isipoingia tumia kioo kidogo. Na kama hata kioo hakifiki, chukua plastisini ya watoto, ikandamize juu ya kichwa cha bolti kwa kidole, ukiitoa inakuja na umbo lote na unaweza kulipima.

Kwenye saizi ndo watu wengi wanaharibu. Magari ya Kijapani yanapenda milimita 10, 12, 14, 17 na 19, ya Kijerumani utakuta sana 10, 13, 16 na 18, kwa hiyo 12 ikikataa kuingia na 14 ikicheza usiilazimishe, jaribu 13. Afu kuna zile za inchi, nusu inchi ni milimita 12.7, ukiweka soketi (kile kikombe kinachovaa kichwa cha bolti) ya 13 inaingia na inaonekana inafaa lakini kwenye bolti iliyokaza inateleza. Angalia na umbo: kuna bolti zenye tundu la nyota kichwani, na nyota yenye ncha 6 na ile yenye ncha 12 zinafanana sana ukiwa gizani, na magari ya Volkswagen na Audi yanazo hizo za ncha 12 sehemu nyingi, ukichomeka biti ya ncha 6 mle ndani unazila ncha zote, na hapo kazi ya dakika kumi inageuka ya kutoboa na drili. Kwa bolti ya kawaida ya pembe sita iliyokaza, tumia soketi ya kona 6, sio ya kona 12, kwa sababu ya kona 6 inasukuma ubavu wa kichwa badala ya kuegemea kwenye kona.

Ukishaijua bolti, jiulize mkono una nafasi gani ya kuzungusha. Hapa hesabu inasaidia kweli. Spana ya mdomo wazi iliyonyooka inahitaji nyuzi 60 ndo uishike tena kichwa cha pembe sita, lakini nyingi zimepindwa mdomo nyuzi 15, kwa hiyo ukiigeuza juu chini kila mara unatosheka na 30. Spana ya ringi (yenye mdomo wa duara uliofungwa) ya kona 12 nayo inataka 30. Racheti, ule mkono wa soketi unaozungusha upande mmoja na kurudi bure upande wa pili, ikiwa na meno 72 inataka nyuzi 5 tu, yaani mkono unasogea kidogo sana na kazi inaenda, ndo maana kama utanunua kifaa kimoja tu kwa ajili ya sehemu zilizobana mimi nakushauri ununue racheti ya meno mengi yenye kichwa chembamba.

Hata nyuzi 5 hazipo? Basi itoe racheti nje ya hiyo sehemu kabisa. Unganisha ekstensheni (chuma cha kurefusha racheti) ndefu, hata mbili tatu, weka jointi ya kukunja karibu na soketi, racheti ibaki huku nje ambako mkono uko huru. Bolti za juu za giaboksi zinatolewa hivi, mtu analala chini ya gari na ekstensheni inapita juu ya giaboksi yote. Jointi ikilegealegea izungushie tepu, itasimama lakini bado itakunja, na viungo vya ekstensheni vipige tepu pia visije vikaachana ukabakiza soketi kule ndani. Usiikunje sana jointi, inakwama na kusukuma soketi pembeni. Stata yangu ilitoka hivyo hivyo, kupitia kwenye uwazi wa tairi, ekstensheni mbili na jointi moja.

Kuna sehemu hakuna ujanja, zinataka kifaa chake. Nati za mabomba ya breki ni laini, zinataka spana inayofanana na ringi iliyokatwa upenyo wa kupitisha bomba, spana ya mdomo wazi inazivua kona. Sensa ya oksijeni inataka soketi yenye mpasuo ubavuni wa kupitisha waya, kwa kawaida ni 22. Na pale juu ya nati kunapopita bomba kuna kile kichwa cha spana kisicho na mkono, kina tundu la mraba la kuchomeka racheti. Ukikitumia na toki renchi (ile inayopima nguvu ya kukaza) kiweke nyuzi 90 na mkono wa renchi, la sivyo kipimo kinabadilika. Vitu kama hivi unavitumia mara chache, muombe fundi akuazime kabla hujatoa hela.

Kabla ya nguvu yoyote, mafuta ya kulegeza kutu, uyaache yaingie, hata usiku mzima. Kwenye stata toa kwanza waya wa hasi wa betri, ule waya mnene wa stata una umeme muda wote na spana ikigusa bodi inapiga cheche kali. Na usilale chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, weka stendi.

Kurudisha nako kuna kazi yake. Weka kipande cha karatasi kwenye soketi ili kichwa cha bolti kibane kisidondoke, ondoa racheti, zungusha ekstensheni kwa vidole vitupu mizunguko mitatu minne ya mwanzo. Ikiwa nzito mapema toa uanze upya, meno ya bolti na ya tundu lake yamepishana.