Cheo Kikiondoka, Anza na Ulichokuwa Ukifanya

Maisha yakigeuka ghafla, usianze na swali la "mimi ni nani". Ni zito mno kwa mtu aliyetoka kufiwa, kuachika, kustaafu, kupoteza kazi au kujifungua mtoto wa kwanza. Anza na dogo: nini kimeondoka, na nini hakijaondoka?

Nimefanya uuguzi wodi ya watoto maisha yangu yote ya kazi. Nilistaafu mwaka uleule mwanangu wa mwisho alipohama nyumbani. Nilikuwa naamka kwa sababu mtu fulani alikuwa anamngoja Sista au anamngoja Mama, mara nikawa naamka na hakuna anayengoja. Ninayoyaeleza hapa ndiyo yaliyonisaidia, na nimewaona wengine yakiwasaidia pia.

Kwanza, kuyumba kwako si udhaifu. Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walichapisha orodha ya matukio 43 ya maisha, kila moja likiwa na alama kulingana na uzito wa kulizoea. Kufiwa na mwenzi kulipata 100, talaka 73, kustaafu 45. Kinachonigusa zaidi ni kwamba kuoa au kuolewa kulipata 50, na kufukuzwa kazi 47. Hata jambo uliloliombea linaweza kukutikisa. Kwa hiyo bibi harusi au mama mwenye kichanga akisema "sijielewi siku hizi", asiambiwe kwamba hana shukrani.

Sasa chukua karatasi. Kile cheo kilichoondoka, usikiandike. Andika vitendo vilivyokuwa ndani yake, kimoja kimoja, hata vidogo. Yangu ilikuwa hivi: kupima homa, kutundika dripu, kuandika ripoti, kukabidhi zamu, kumbembeleza mtoto anayeogopa sindano, kumweleza mzazi aliyechanganyikiwa maana ya maneno ya daktari, kumwonyesha mwanafunzi namna ya kutafuta mshipa. Mbele ya kila kitendo jiulize: je, ningekifanya hata kama hakuna anayenilipa wala anayeniona?

Jibu la haraka usiliamini. Iache karatasi, uirudie siku nyingine. Nilidhani ningekosa dripu na sindano, maana ndizo nilizosifiwa. Kumbe nilichokikosa hasa ni kumweleza mtu mwenye hofu jambo gumu mpaka mabega yake yashuke. Hicho hakikuwa mali ya hospitali. Nilikuja nacho na nimeondoka nacho.

Zoezi hili linafaa kwa hali yoyote. Mchezaji aliyeumia goti ajiulize kama alipenda ushindani, au kuwa na wenzake, au ule utaratibu wa mazoezi. Haya ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina njia yake nje ya uwanja. Mjane aliyemwuguza mumewe miaka mingi anaweza kugundua kwamba hahitaji mgonjwa mwingine, anahitaji mtu wa kuzungumza naye jioni. Ukikwama, fuatilia wivu wako. Unapomwona mtu akifanya jambo na moyo ukakuuma kidogo, andika ni jambo gani hasa.

Waulize pia waliokujua kabla ya cheo: dada, kaka, rafiki wa shule ya msingi. Uliza hivi, "Nilikuwa mtoto wa namna gani?" kisha unyamaze. Dada yangu aliniambia nilikuwa nawakusanya wadogo zetu na kuwafafanulia maneno ya wakubwa. Nilikuwa sikumbuki kabisa, lakini jibu lake lilikutana na karatasi yangu.

Kuandika nako kunaweza kusaidia, na njia iko. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall waliwaomba wanafunzi waandike kuhusu jambo lililowaumiza, dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Fanya vivyo hivyo kuhusu mabadiliko yako, bila kujali herufi wala sarufi, na usimwonyeshe mtu. Ukimaliza siku ya kwanza unaweza kujisikia vibaya kuliko ulipoanza. Ilitokea hata kwa wale wanafunzi, kwa hiyo usiache kwa sababu hiyo.

Sehemu ngumu zaidi ni kukaa katikati. Watu watakuuliza "siku hizi unafanya nini?" nawe utatamani kushika cheo chochote kilicho karibu ili uwe na la kujibu. Mwanasaikolojia James Marcia, akiendeleza kazi ya Erik Erikson, aliyeandika kuhusu namna mtu anavyojenga utambulisho wake, alieleza mwaka 1966 hali nne za vijana katika kujitambua. Wako wasiotafuta wala kuamua, wako waliopokea utambulisho tayari bila kutafuta, wako wanaotafuta bado, na wako waliotafuta wakaamua. Alichunguza vijana wa chuo, ila mimi naiona hali ya pili kwa watu wazima kila mara: ndoa mpya ya haraka, biashara iliyoanzishwa kwa sababu shemeji anayo. Anayetafuta bado hajazembea. Uamuzi usioweza kurudishwa nyuma, kama kuuza nyumba, uusogeze mbele ukiweza. Na andaa sentensi moja ya kuwajibu watu. Yangu ilikuwa, "Nimemaliza uuguzi, sasa najaribu mambo mawili matatu." Wengi huridhika.

Halafu ujaribu kweli. Kitendo ulichokijibia ndiyo kwenye karatasi yako, kitafutie nafasi ndogo yenye mwanzo na mwisho. Nilianza kumsindikiza jirani yangu mzee kliniki na kumweleza alichoambiwa. Nilijiunga pia na darasa la kuogelea, mahali ambapo hakuna aliyeniita Sista, na nikaona ni nafuu kubwa kuwa mwanafunzi tu. Jaribio lisipokupa uhai, liache bila kujilaumu na ujaribu lingine.

Agana na ulichokiacha. Arnold van Gennep, mtafiti wa mila na desturi, mwaka 1909 alionyesha kwamba taratibu za kuvuka rika au hali zina sehemu tatu: kutengwa, kuwa katikati, na kupokelewa. Talaka na kuachishwa kazi mara nyingi havina utaratibu wowote, mtu hupewa karatasi tu. Tengeneza wako. Niligawa sare zangu kwa wauguzi wanaoanza, nikabakiza saa ya kubandika kifuani.

Hapa nasema kama muuguzi. Ukikosa usingizi, hamu ya kula na hamu ya chochote karibu kila siku kwa wiki mbili, nenda ukamwone mhudumu wa afya. Ukiwa na mawazo ya kutaka kufa, nenda leo, na usiende peke yako.

Mwisho, walio nyumbani nao wamepoteza cheo chako. Watoto wangu waliendelea kunipigia simu kuniuliza dawa tu, kwa kuwa ndivyo walivyojua kuzungumza nami. Niliwaambia waziwazi: niulizeni pia nimesoma nini wiki hii, na darasani tumejifunza nini. Wewe nawe chagua mtu mmoja, umtajie swali unalotaka akuulize.