Somo: Kuutunza mmea wa madoadoa katika nyumba za Dar es Salaam, na namna ya kuusoma unapougua

Mmea wa madoadoa, ambao wataalamu wa mimea huuita Hypoestes phyllostachya, asili yake ni Madagaska, ng'ambo ya bahari hii hii tunayoitazama kutoka Coco Beach. Nimeanza na asili yake kwa sababu kila mwaka, ifikapo Januari, naletewa vyungu vyenye mimea iliyonyauka, na wenye nayo huniambia kwamba jua na joto la Dar ndivyo vilivyoiua. Mara nyingi sivyo. Mmea huu hustawi katika joto la nyuzi 18 hadi 27, na huvumilia hata nyuzi 30 na zaidi kidogo iwapo upo kivulini na mizizi yake ni mizima. Kinachouua katika nyumba zetu, kwa niliyoyaona, ni maji yanayomiminwa kabla mtu hajaugusa udongo.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mche. Ukifika kitaluni usivutiwe na mche mrefu, bali chagua mfupi uliojaa matawi, kisha geuza majani matatu au manne uangalie upande wa chini, kwa kuwa wadudu hujificha huko. Madoa yaweza kuwa ya waridi, meupe au mekundu. Yenye weupe mwingi hupendeza sana, lakini sehemu isiyo na kijani huungua upesi, kwa hiyo anayeanza nampendekezea yenye madoa madogo. Wenye paka au watoto wanaotafunatafuna majani wasiwe na hofu, kwani mmea huu hauhesabiwi miongoni mwa mimea yenye sumu.

Hatua ya pili ni udongo na chungu. Mimi huchanganya mboji au udongo mweusi sehemu mbili, usumba wa makumbi ya nazi sehemu moja, na mchanga wa mto wenye chembe kubwa sehemu moja. Usumba uloweke na kuusuuza mara mbili au tatu kwanza, maana makumbi huweza kubeba chumvi. Na mchanga wa ufukweni usiutumie kabisa kwa sababu hiyo hiyo. Chungu chenye upana wa sentimita 12 hadi 15 kinatosha, mradi kiwe na tundu chini. Vyungu vingi vya mapambo vinavyouzwa mjini havina tundu, na muuzaji atakuambia uweke kokoto chini badala yake. Kokoto hazisaidii: maji hukusanyika hapo hapo na mizizi huyafuata. Ikiwa chungu unakipenda mno, uache mmea ndani ya kopo lenye matundu na ulitumbukize humo, kisha ulitoe kila unapomwagilia.

Hatua ya tatu ni mwanga, na hapa naomba tusikilizane kwa makini, kwa kuwa mafunzo mengi tunayoyasoma yameandikwa na watu wa nchi za kaskazini, ambako dirisha la kaskazini ni la kivuli mwaka mzima. Dar es Salaam iko kusini mwa Ikweta. Kuanzia Aprili hadi Agosti jua letu hupita upande wa kaskazini, hivyo dirisha la kaskazini hupigwa na jua kali miezi hiyo, na kuanzia Novemba hadi Januari jua huhamia upande wa kusini. Mmea uliokaa salama dirishani mwezi Desemba waweza kuungua mahali pale pale mwezi Juni bila wewe kukisogeza chungu hata kidogo. Mahali pazuri kuliko pote ni dirisha la mashariki, ambapo mmea hupata jua la asubuhi hadi kama saa tatu, kisha hubaki na mwanga wa kawaida mchana kutwa. Dirisha la magharibi linahitaji pazia jepesi.

Hatua ya nne ni maji. Ingiza kidole kwenye udongo hadi kifundo cha kwanza. Kikitoka na udongo uliogandamana na ubaridi wa unyevu, acha. Kikitoka kikavu, mwagilia taratibu mpaka maji yatoke chini, na baada ya nusu saa mwaga yote yaliyobaki kwenye kisahani. Kumwaga huko si kwa ajili ya mizizi tu. Mbu wanaoeneza homa ya dengue huzaliana katika maji machache yaliyotuama, na mji wetu uliupata mlipuko wa ugonjwa huo mwaka 2014 na tena mwaka 2019, kwa hiyo kisahani chenye maji ni hatari kwa jirani pia. Usifuate ratiba ya siku, kwa kuwa udongo unaokauka kwa siku mbili wakati wa Februari waweza kukaa na unyevu wiki nzima wakati wa masika. Kunyunyizia majani maji, jambo linalosisitizwa sana katika mafunzo ya nchi za baridi ambako mitambo ya kupasha joto hukausha hewa, hapa pwani halina haja. Hewa yetu ina unyevu wa kutosha, na majani yanayolala na maji hualika ukungu.

Mbolea isikusumbue. Robo kijiko cha chai cha NPK (mbolea ya dukani yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu) iliyoyeyushwa katika lita moja ya maji, mara moja kwa mwezi, juu ya udongo ambao tayari una unyevu, inatosha.

Hatua ya tano ni kukata vilele. Kila tawi likifikisha jozi nne za majani, kata ncha juu tu ya kifundo, yaani mahali majani yanapoota kwenye tawi, na vichipukizi viwili vitatoka mahali pa kimoja. Asiyekata atabaki na fimbo ndefu yenye majani machache juu. Ncha zenye urefu wa sentimita 8 hadi 10 usizitupe: ondoa majani ya chini, zisimamishe katika glasi ya maji kivulini, badilisha maji kila baada ya siku mbili, na baada ya takriban wiki mbili zitakuwa na mizizi ya kutosha kuhamia udongoni.

Sasa kuhusu mmea ulionyauka. Mmea huu hulala chini wote unapokauka, na hulala vile vile mizizi yake inapooza, na kwa macho huwezi kutofautisha. Kidole ndicho kinachotofautisha. Udongo ukiwa mkavu, mwagilia, na baada ya saa chache utasimama. Udongo ukiwa umelowa huku majani yamelala, maji zaidi yataumaliza. Utoe chunguni, osha mizizi, kata yote iliyo ya kahawia, laini na yenye harufu mbaya, ubakize iliyo myeupe na migumu. Punguza matawi kwa theluthi ili mizizi iliyobaki isielemewe, kisha upande katika chungu kidogo zaidi chenye udongo mpya na uuweke kivulini. Kabla ya yote hayo, kata vipandikizi vitatu kutoka matawi mazima uvitie majini, ili mama akifa watoto wabaki.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Tabata: Shikamoo mama. Mmea wangu nilinunua ukiwa wa waridi tupu, sasa majani mapya yanatoka ya kijani na matawi yamerefuka. Nimeongeza mbolea lakini hakuna mabadiliko.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Unakosa mwanga, na mbolea imeongeza urefu tu. Mmea ukiwa gizani huongeza kijani ili ujitengenezee chakula. Usogeze karibu na dirisha kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja, usiupeleke juani kwa siku moja, kisha kata matawi yaliyorefuka. Majani ya zamani hayatarudi kuwa ya waridi, lakini yatakayochipuka baada ya hapo yatakuwa na madoa.

Swali kutoka Kigamboni: Kingo za majani zinakauka na kuwa za kahawia ingawa kidole kinaniambia udongo uko sawa. Juu ya udongo kuna utando mweupe.

Jibu: Nadhani unatumia maji ya kisima. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, nayo hubaki udongoni kila maji yanapokauka, na huo utando ndio ushahidi. Kwangua udongo wa juu uutupe, kisha pitisha maji yasiyo na chumvi, kiasi cha mara tatu ya ujazo wa chungu, yatoke yote chini. Baada ya hapo kinga maji ya mvua kwenye ndoo yenye mfuniko uyatumie kwa mimea.

Swali kutoka Sinza: Umetoa vimaua vidogo vya zambarau. Niviache?

Jibu: Vikate mara uvionapo. Mmea huu ukishachanua na kukomaza mbegu huchoka, majani ya chini hupukutika, na wengi huudhani mgonjwa. Ikiwa umeshafikia hali hiyo, kata matawi yabaki sentimita 5, punguza maji, na usubiri machipukizi.

Swali kutoka Mbezi: Chini ya majani kuna vitu kama pamba, na kwenye matawi machanga kuna wadudu wa kijani.

Jibu: Hao wa pamba ni vidung'ata, na wa kijani ni vidukari. Utenge mmea na mingine leo hii. Vidung'ata wafute mmoja mmoja kwa pamba iliyochovywa spiriti. Kwa vidukari, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, jaribu kwenye jani moja, na kesho yake, likiwa salama, nyunyizia jioni hasa upande wa chini wa majani, kisha suuza asubuhi. Rudia kila baada ya siku tano, mara tatu, kwa sababu wachache hubaki kila mara na huzaana upesi.

Swali kutoka Upanga: Ofisini kwetu kiyoyozi huwashwa kuanzia asubuhi hadi jioni na majani yanajikunja. Je, hapo ninyunyizie maji?

Jibu: Hapo ndipo hewa huwa kavu kweli, lakini kwanza uondoe mmea mbele ya upepo wa kiyoyozi. Halafu upange pamoja na mimea mingine miwili au mitatu, kwa kuwa kila mmoja hutoa unyevu unaomfaa mwenzake, na uangalie udongo Ijumaa jioni kabla ya kufunga ofisi, maana siku mbili za wikiendi bila mtu ndizo zinazoukausha.