Kuacha kazi na kufungua biashara Tanzania: taratibu za kufuata, hatua kwa hatua

Usikimbilie kuandika barua. Soma kwanza mkataba wako wa ajira, hasa kipengele cha notisi na kile kinachokataza biashara inayoshindana na mwajiri. Kama hakikufungi, anza na jina la biashara ukiwa bado unapokea mshahara.

Jina linaombwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, kupitia mfumo wao wa mtandaoni, kwa namba yako ya NIDA. Andaa majina matatu hivi, maana linalofanana na lililokwisha kusajiliwa hukataliwa. Jaza taarifa za mmiliki, shughuli na anwani, kisha lipia.

Sasa barua. Kwa anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28. Ukiwa bado ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi, siku 7. Mkataba unaweza kudai zaidi. Iandike fupi: "Natoa notisi ya kuacha kazi. Siku yangu ya mwisho itakuwa tarehe…", ukitaja na sababu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo. Tafadhali usiitoe ukiwa likizo wala usipange likizo iliwe ndani ya notisi. Sheria hairuhusu, na wengi hukwama hapo.

Kabla ya kuondoka kabisa, dai mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukuichukua na hati ya utumishi. Hakiki pia michango yako NSSF. Usiweke fao la kukosa ajira kwenye bajeti yako: aliyeacha kazi kwa hiari halipati. Nakusihi utenge akiba ya kula na kodi ya nyumba mbali kabisa na mtaji, kwa sababu miezi ya mwanzo mauzo hayatabiriki.

TIN, yaani namba ya mlipakodi, hutolewa bure na TRA (Mamlaka ya Mapato). Kama unayo ya ajira tu, omba ibadilishwe iwe ya biashara, lakini fanya hivyo ukiwa karibu kuanza, kwani ndipo makadirio ya kodi yanapoanza. Baada ya makadirio omba hati ya uthibitisho wa kodi, uende nayo halmashauri kuombea leseni pamoja na cheti cha BRELA, TIN na mkataba wa pango. Biashara nyingi ndogo huishia halmashauri. Za kundi A, yaani zenye sura ya kitaifa au kimataifa, leseni yake huombwa BRELA.